Kabla ya kulipia chumba Mombasa, jua mzigo wako uko ng'ambo gani

Basi linapofika Mombasa, abiria wengi hawana tena nguvu ya kuchagua. Aliyetoka Kampala amekata zaidi ya kilomita 1,100. Wa Kigali, Bujumbura au Bukavu amekata nyingi kuliko hizo, na huenda amebadili basi njiani mara moja au mbili. Miguu imevimba, simu imezima, na kabla hajashusha begi, vijana watatu wa bodaboda na mmoja wa tuktuk wameshamzunguka, kila mmoja akimwambia anajua chumba kizuri cha bei rahisi.

Hapo ndipo kosa la kwanza la safari ya biashara hufanyika. Mgeni anapanda, anapelekwa, analipa siku nne mbele ili apunguziwe, kisha asubuhi anagundua kwamba soko alilolifuata liko ng'ambo ya pili ya maji. Pesa ameshatoa, na wenye vyumba wa namna hiyo hawana desturi ya kurudisha.

Mtalii akipata chumba kibaya, anapoteza usiku mmoja wa raha. Mfanyabiashara akipata chumba kilicho mahali pasipofaa, anapoteza saa za soko, nauli na wakati mwingine mzigo wenyewe. Mombasa inajulikana kwa fukwe zake, na orodha nyingi za mahali pa kulala zimeandikwa kwa ajili ya watu wanaokuja kuogelea. Anayekuja kununua leso, kuuza vitunguu au kufuatilia kontena anahitaji ramani nyingine.

Mji uliokatwa na maji

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba katikati ya Mombasa ni kisiwa. Upande wa mashariki wa kisiwa kuna Mji wa Kale na bandari ya majahazi. Upande wa magharibi kuna bandari kuu ya Kilindini. Kuzunguka kisiwa kuna bara tatu, na kila moja ina njia yake.

Kaskazini, mtu huvuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, na kuingia Kongowea, Nyali, Kisauni na Bamburi. Magharibi, hupita Makupa kwenda Changamwe, uwanja wa ndege wa Moi, Mikindani na Miritini, ambako barabara ya Nairobi na reli ya kisasa huanzia. Kusini hakuna daraja la magari kutoka katikati ya mji. Watu na magari huvuka kwa feri ya Likoni, kisha huendelea Ukunda, Diani na mpaka wa Lunga Lunga unaopakana na Horohoro ya Tanzania.

Kila njia kati ya hizo ina saa zake za kukwama. Asubuhi watu wanamiminika kuingia kisiwani, jioni wanamiminika kutoka. Aliyelala bara na ana kazi kisiwani atakuwa ndani ya msongamano huo mara mbili kwa siku. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenyeji lisianze na bei ya chumba. Lianze na mahali kazi ilipo, kisha bei ifuate.

Mfano wa hesabu unasaidia, ingawa nauli hupanda na kushuka. Tuseme mfanyabiashara amepata chumba Mtwapa ambacho ni nafuu kwa shilingi 500 za Kenya kuliko cha Mwembe Tayari. Kazi yake iko Marikiti. Asubuhi analipa matatu shilingi 150. Jioni ana marobota mawili, matatu hazimtaki, anakodi tuktuk kwa 800. Jumla ni 950. Ile nafuu ya 500 imekwisha, na 450 nyingine imetoka mfukoni. Kwa siku nne ni 1,800, bila kuhesabu saa alizokaa barabarani. Wahenga walisema rahisi ghali, na Mombasa maji ndiyo yanayoufanya urahisi huo uwe ghali.

Mwembe Tayari na Marikiti: karibu na basi, karibu na duka

Anayekuja kununua bidhaa za dukani na kuondoka na basi hana sababu kubwa ya kulala mbali na katikati ya kisiwa. Mabasi mengi ya masafa marefu, yakiwemo ya Nairobi na Dar es Salaam, yana ofisi na vituo eneo la Mwembe Tayari na Barabara ya Jomo Kenyatta. Ya Malindi na Lamu hupatikana Barabara ya Abdel Nasser, si mbali na hapo. Kutoka Mwembe Tayari, mtu mwenye afya anatembea kwa miguu hadi Marikiti, soko la zamani lililo Barabara ya Digo, lenye viungo, matunda na mboga, na hadi Mtaa wa Biashara, ambako maduka ya leso na vikoi yamepangana bega kwa bega. Hapo ndipo nyumbani pa chapa ya Mali ya Abdulla, ambayo akina mama wa Uganda hadi Komoro huitambua kwa kuliangalia pambizo tu.

Lojingi za eneo hili ni nyingi na za kila aina. Zipo zenye chumba kimoja na choo cha kushirikiana, zipo zenye choo na bafu ndani. Faida yake kubwa ni mzigo. Mahamali na mikokoteni wapo mlangoni, na ofisi za mabasi zinazopokea vifurushi ziko hatua chache. Anayepakia saa kumi na moja alfajiri hahitaji kutafuta usafiri gizani.

Hasara yake nayo haifichiki. Kuna kelele, kuna moshi, na kuna vibaka wanaojua sura ya mtu aliyefika jana. Chumba kinachotazama barabarani hakina usingizi. Cha nyuma kina usingizi lakini huenda hakina hewa. Mgeni aombe kuonyeshwa vyote viwili kabla ya kulipa. Kutembea na begi la fedha baada ya maduka kufungwa ni jambo ambalo wenyeji wenyewe hawalifanyi.

Mji wa Kale: utulivu wenye adabu zake

Hatua chache kutoka Mtaa wa Biashara mtu anaingia dunia nyingine. Mji wa Kale, wenye mitaa kama Kibokoni na Ndia Kuu, una vichochoro vyembamba, milango ya nakshi na misikiti ya karne nyingi. Pembeni mwake imesimama Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011.

Nyumba za wageni hapa ni chache kuliko Mwembe Tayari, na nyingine ni nyumba za familia zilizogawa vyumba vya juu. Mfanyabiashara mwanamke anayesafiri peke yake mara nyingi hujisikia salama zaidi katika nyumba ya namna hiyo, kwa sababu mwenye nyumba yupo, jirani anajua nani ameingia, na hakuna baa chini ya chumba. Chakula kipo mlangoni: mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai na mishikaki jioni.

Lakini mtaa huu una masharti yasiyobandikwa ukutani. Mavazi ni ya stara. Pombe haiingizwi. Adhana ya alfajiri itasikika, na mgeni asiilalamikie. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, kisha mtaa huchangamka baada ya futari hadi usiku mwingi. Kwa mwenye mzigo mkubwa, tatizo ni njia: baadhi ya vichochoro tuktuk haipiti, na robota litabebwa begani hadi barabara kuu. Usiku wa manane vichochoro hivyo hivyo si mahali pa mgeni kupotea akiwa na fedha. Afike mapema, aijue njia yake mchana.

Ganjoni, Kizingo na Tudor: kwa wenye ofisi za kuzungukia

Kuna wafanyabiashara ambao siku yao haipiti sokoni. Siku yao ni benki, wakala wa forodha, kampuni ya meli na ofisi za serikali. Benki nyingi za zamani ziko Barabara ya Nkrumah na jirani zake, na mawakala wengi wa forodha wana ofisi kwenye Barabara ya Moi, ile yenye Pembe za Ndovu, na mitaa inayoizunguka. Kwa mtu wa namna hiyo, Ganjoni inampa ukaribu bila vurugu za kituo cha mabasi. Kizingo, upande wa kusini wa kisiwa, ni tulivu na ghali zaidi, na jioni inampa mtu upepo wa bahari pale Mama Ngina, ambako wenyeji hukaa kula mihogo ya kukaanga na kunywa madafu wakitazama meli zikiingia Kilindini. Tudor, upande wa kaskazini wa kisiwa, ina makazi ya watu wa kawaida na nyumba za kupanga kwa siku.

Mitaa hii humfaa anayekuja na mshirika wa biashara au anayetegemea kukutana na watu. Chumba ambacho mtu anaweza kumkaribisha mteja kwenye kiti sebuleni kina thamani yake. Anayekuja kununua marobota na kuondoka, hapati hapa kitu ambacho hakukipata Mwembe Tayari kwa bei ya chini.

Changamwe hadi Miritini: upande wa kontena, lori na treni

Bara ya magharibi haina ufukwe wa kupigia picha, na ndiyo maana vitabu vya watalii huiruka. Kwa biashara ya mpakani, huenda ndiyo bara muhimu kuliko zote. Barabara inayotoka hapa ndiyo inayolisha Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Malori yamejipanga, na mabohari mengi ya kuhifadhia makontena yako eneo hili, mengine yakiwa Shimanzi ndani ya kisiwa.

Tangu mfumo wa Himaya Moja ya Forodha ulipoanza mwaka 2014, mizigo mingi inayokwenda Uganda na Rwanda hukamilishiwa kodi ya nchi inakokwenda kabla haijatoka bandarini, na mamlaka za mapato za nchi hizo zimeweka maofisa Mombasa. Kazi kubwa hufanywa na wakala kupitia mtandao, na mwenye mzigo si lazima awepo. Anayekuja, basi, kwa kawaida anakuja kwa sababu kuna jambo limekwama: hati imekosewa, mzigo unahitaji kukaguliwa mbele yake, au anataka kumjua wakala anayemkabidhi mamilioni yake.

Mtu huyo anapaswa kujua kwamba siku za bure za kuhifadhi zikiisha, gharama huanza kuhesabiwa kila siku. Kulala Bamburi na kuvuka kisiwa kizima kila asubuhi kwenda kukagua kontena Changamwe ni kucheza na hesabu hiyo. Lojingi za Changamwe, Magongo na Mikindani ni za kawaida kabisa, nyingi zimezoea madereva wa malori, na bei zake ni za chini. Usafi unatofautiana sana kutoka nyumba moja hadi nyingine, hivyo kukagua ni lazima. Mwanamke anayesafiri peke yake aulize kwanza kama kuna baa jengoni.

Miritini ndiko iliko stesheni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Wageni wengi hudhani treni itawashusha katikati ya mji. Haiwashushi, kutoka stesheni hadi kisiwani ni safari nyingine. Treni ya usiku kutoka Nairobi hufika kabla ya kucha, na anayeshuka saa hiyo bila mpango hukubali bei yoyote ya teksi. Aliye na kazi upande wa Changamwe anaweza kuchukua chumba upande huo huo na kupumzika saa chache. Mwenye kazi kisiwani asubiri ndani ya stesheni kupambazuke, au apange usafiri kabla ya kupanda.

Kongowea, Nyali na Bamburi: soko la alfajiri na ufukwe

Ukivuka tu Daraja la Nyali unakutana na Kongowea, soko kubwa la jumla la mazao katika pwani ya Kenya, lenye pia sehemu kubwa ya mitumba. Machungwa ya Muheza, vitunguu na viazi vya kila mahali hupita hapa. Biashara ya jumla huanza kabla jua halijatoka, na kufikia saa tatu asubuhi bei imeshabadilika. Mwenye lori la vitunguu aliyelala kisiwani au Likoni anafika soko limekwisha kuamua bei bila yeye. Kwa huyu, chumba cha Kongowea yenyewe au pembezoni mwake, hata kama si kizuri, kina faida kuliko chumba kizuri kilicho mbali.

Nyali, jirani kabisa, ni mtaa wa nyumba kubwa, maduka makubwa na hoteli za ufukweni. Bei zake ni za wenye mishahara minene. Mbele yake ni Bamburi, ambako mambo huchanganyika: hoteli za watalii upande wa bahari, na upande wa pili wa barabara nyumba za kawaida zenye vyumba vya kupanga kwa siku, vyenye jiko na friji. Hapa kuna hesabu ambayo wanawake wanaosafiri kwa vikundi wameigundua. Watatu au wanne wakichukua nyumba moja ya vyumba viwili, wakapika wenyewe na kugawana gharama, kila mmoja anaweza kulipa kidogo kuliko chumba cha peke yake mjini, tena wana sebule ya kufungia mizigo. Jioni wana ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, maarufu kwa jina la Pirates, kwa miguu.

Sharti ni kwamba kazi yao iwe upande huo wa daraja, au wawe na siku za kutosha. Mtwapa, iliyo mbele zaidi na tayari ndani ya Kaunti ya Kilifi, ina vyumba vingi na bei za ushindani, lakini barabara yake hukwama na baadhi ya mitaa yake haizimi muziki hadi asubuhi.

Likoni na Ukunda: mkono wa kusini

Wafanyabiashara wa Tanga na Dar es Salaam huingia kwa upande huu. Kutoka Lunga Lunga hadi Likoni ni takriban kilomita 100, kisha feri. Feri hufanya kazi usiku na mchana; waendao kwa miguu hawalipi, magari hulipa. Lakini basi likifika Likoni asubuhi wakati wa watu kwenda kazini, kusubiri kunaweza kuwa kurefu.

Mwenye kupeleka bidhaa Ukunda au kwenye hoteli za Diani hana haja ya kuvuka kabisa. Ukunda, iliyo kando ya barabara kuu, ina lojingi za bei ya kawaida, huku Diani yenyewe, kilomita chache kuelekea baharini, ikiwa ya watalii. Likoni ni karibu na kisiwa kwa macho, ila si lazima iwe karibu kwa saa. Anayelala Likoni na kufanya kazi Marikiti ahesabu feri mara mbili kila siku. Magari ya mizigo yanayotoka kusini kwenda barabara ya Nairobi siku hizi yana njia ya Dongo Kundu, inayotokea Miritini bila kupitia feri, na mwenye mzigo wa kupita moja kwa moja amuulize dereva wake kuhusu njia hiyo.

Chumba chenyewe: mambo ya kukagua kabla ya kutoa pesa

Mtaa ukishapatikana, kuna ukaguzi wa dakika tano ambao huokoa mengi. La kwanza ni maji. Mombasa ina shida ya maji ya muda mrefu, na mitaani maji huuzwa kwa mitungi juu ya mikokoteni. Mgeni afungue bomba yeye mwenyewe, aulize kama kuna tangi, na aonje kama maji ni ya chumvi, kwa sababu ya visima mengi yana chumvi na hayafai kunywa.

La pili ni hewa. Anayetoka Kigali, Kabale au Bukavu hajazoea joto lenye unyevu la pwani, hasa kati ya Desemba na Machi wakati wa kaskazi. Feni iwashwe mbele yake na dirisha lifunguke. La tatu ni chandarua kisicho na matundu. Malaria ipo pwani, na mtu wa nyanda za juu humwelemea zaidi. La nne ni mlango: komeo la ndani, kufuli, na jibu la wazi kuhusu nani mwingine ana ufunguo. La tano ni risiti. Chumba kisicho na risiti wala kitabu cha wageni hakina pa kulalamikia kitu kikipotea.

Mzigo usiachwe chumbani kwa kuamini tu. Ofisi za mabasi na maduka makubwa ya jumla hukubali kuhifadhi bidhaa zilizolipiwa hadi siku ya safari, na karatasi yao ina uzito kuliko ahadi ya mlinzi wa usiku.

Hati, fedha na kalenda

Lojingi inayofuata sheria itadai kitambulisho. Raia wa Uganda na Rwanda wamekuwa wakiingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Wengine hubeba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama anayeingia kama mgeni kukaa hadi miezi sita. Nakala ya hati ibaki kwenye begi, asili ibaki mwilini. Mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000, atunze pia cheti chake rahisi cha uasili wa bidhaa, kwa sababu kitahitajika tena njiani.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017. Anayefunga bidhaa zake kwa mifuko hiyo abadilishe kabla ya mpaka, si baada ya kusimamishwa.

Fedha ni vizuri zibadilishwe benki au kwenye duka la fedha lenye leseni, mchana. Karibu kila lojingi na duka hupokea M-Pesa, hivyo kusajili laini siku ya kwanza humwondolea mtu haja ya kutembea na noti nyingi.

Kalenda nayo ina bei yake. Desemba, Pasaka na likizo ya Agosti, watu wa Nairobi hushuka pwani, na vyumba vya Nyali, Bamburi na Diani hupanda bei au hukosekana kabisa. Vya Mwembe Tayari na Changamwe havitikisiki sana. Siku chache kabla ya Idi, Mtaa wa Biashara hujaa na punguzo la bei ni gumu kupatikana. Mvua kubwa za Aprili na Mei hupunguza bei za ufukweni, lakini hufanya barabara za mitaani kuwa matope.

Lugha moja, maneno mawili

Kiswahili kinamfikisha mgeni popote Mombasa, lakini maneno machache yanaweza kumpoteza. Mtanzania anayeuliza hoteli iliko ataonyeshwa mahali pa kula, kwa kuwa Kenya hoteli ni mgahawa. Aulize lojingi au gesti. Umeme ni stima, daladala ni matatu, pantoni ni feri, na khanga hapa huitwa leso. Anayeanza kwa salamu na kusubiri ijibiwe kabla ya kutaja shida yake hupata bei ya mwenyeji mapema kuliko anayeingia na swali. Mtu mzima huitwa mzee, mama au ami, na mwenye duka wa Mtaa wa Biashara hakimbizwi.

Wafanyabiashara waliozoea njia hii wana kanuni ambayo wageni wanaweza kuichukua bila kulipia. Usiku wa kwanza hulipiwa usiku mmoja tu, hata kama punguzo la siku nne linavutia. Asubuhi yake mtu anakwenda kazini kwake, anahesabu nauli na saa, anaona kama alivuka maji au hakuvuka. Akiridhika, anarudi kulipia siku zilizobaki, na bei ile ile ya punguzo mara nyingi bado ipo, maana mwenye lojingi naye hapendi chumba kilale kitupu. Asiporidhika, anachukua begi lake na kuhamia upande kazi yake ilipo, akiwa amepoteza usiku mmoja badala ya safari nzima.